Shajara ya mradi: uvimbe wa juu, uvimbe wa chini

Siku ya 1

Leo tumechoma ng'ombe 19 shingoni, kila mmoja mahali pawili. Kundi hili lilikwisha kupimwa kifua kikuu kwa sindano moja tu, ya tuberkulini ya ng'ombe, na wanne wakavimba. Mwenye mifugo akaambiwa wanne hao wachinjwe. Akauliza: "Mbona hawakohoi, wanakula, na maziwa hayajapungua?" Swali lake halithibitishi lolote, kwa kuwa ng'ombe mwenye kifua kikuu anaweza kukaa miaka bila kuonyesha dalili, lakini ndilo lililotuleta hapa. Tumesubiri siku 60 zipite tangu sindano ile, maana ngozi iliyopimwa karibuni huchoka na kujibu kwa unyonge.

Safari hii tunalinganisha. Sindano ya juu ni tuberkulini ya ndege, ya chini ni ya ng'ombe, zikipishana kama sentimita 12 hadi 15. Unanyoa manyoya, unapima mkunjo wa ngozi kwa kalipa, unaandika, halafu unachoma mililita 0.1 ndani ya ngozi yenyewe, si chini yake. Ukipapasa hapo hapo, kidole kikutane na kinundu kama punje ya choroko. Kisipokuwepo, hujachoma ngozi, umechoma hewa tu.

Namba 14 alirusha shingo nilipokuwa nabonyeza sindano ya chini. Nilipapasa mara tatu, hakuna punje. Nilitamani kurudia palepale sentimita mbili kando, mwenzangu akanitazama tu bila kusema neno. Nimeandika "batili". Atasubiri siku nyingine 60, na daftari langu litakuwa na shimo.

Mwenye mifugo alitaka kujua kama tunawaambukiza ng'ombe wake. Hapana. Tuberkulini ni protini za bakteria waliokwisha kufa. Robert Koch, daktari Mjerumani, aliitangaza mwaka 1890 akiamini amepata dawa ya kifua kikuu. Haikuponya mtu, ila iliwavimbisha waliokuwa na maambukizi, na sisi wapimaji tunakula kwa jasho la kosa lile hadi leo.

Siku ya 4

Saa 72 zimetimia. Siku ya kusoma siipendi, kwa sababu macho hukimbilia uvimbe mkubwa na kusahau kuwa tunatafuta tofauti.

Namba 3: juu ngozi imetoka milimita 7 hadi 19, chini 7 hadi 12. Ukitazama kwa mbali unaona mnyama aliyevimba mara mbili na moyo unashtuka. Ukipiga hesabu, juu kumeongezeka 12, chini 5. Tuberkulini ya ndege imeshinda. Namba 8 na namba 16 ni hadithi ile ile kwa tarakimu nyingine. Hao ni watatu kati ya wale wanne waliohukumiwa.

Wa nne, namba 11, ametuachia utata: juu kumeongezeka 3, chini 5. Kanuni ya kawaida inasema uvimbe wa chini ukizidi wa juu kwa zaidi ya milimita 4, mnyama ni chanya. Ukizidi kwa 1 hadi 4, ana shaka. Ukilingana au ukipungua, ni hasi. Namba 11 ana shaka. Ametengwa na atapimwa tena.

Mwenye mifugo aliposikia "hasi" kwa wale watatu akacheka na kushika kichwa. Nikamzuia kidogo. Hasi hapa haina maana kwamba mnyama hana kitu. Ina maana kitu kilichomgusa kinafanana zaidi na cha ndege kuliko cha ng'ombe. Na chenye sura hiyo si kimoja. Kuna bakteria Mycobacterium avium wa ndege wenyewe. Kuna ndugu yake wa karibu kabisa, paratuberculosis, anayeleta ugonjwa wa Johne kwenye utumbo wa ng'ombe, mbuzi na kondoo. Halafu kuna jamaa wengi wa udongoni na majini wasiomfanya mnyama augue, lakini wakimgusa ngozi yake inawakumbuka. Uvimbe wa juu haukuambii ni yupi.

Kabla sijasahau: namba 7, ng'ombe mzee kuliko wote, hakuvimba juu wala chini. Ngozi laini kama hatukumgusa. Nimemwandika hasi kwa kalamu ileile niliyowaandikia wengine.

Siku ya 5

Tumeacha ng'ombe na kuanza kutazama juu. Boriti ya zizi inapita sawasawa juu ya hori, na kuku hulala hapo. Ukingo wa hori una michirizi myeupe iliyokauka, mingine mibichi ya asubuhi ile. Ng'ombe anashusha ulimi, analamba ukingo, anaanza kula. Nilisimama pale muda mrefu kuliko nilivyohitaji. Siku ya kwanza nilipita chini ya boriti hiyo nikiwa na kalipa mkononi, wala sikuinua kichwa.

Kuku ni wa mama wa mwenye mifugo. Nikamwamkia, nikamwuliza kama kuna wanaougua.

"Wanakufa wazee tu, mwanangu. Anakula kuliko wenzake, lakini ukimshika kidari ni kisu."

Sijawahi kusoma maelezo bora ya kifua kikuu cha ndege. Kuku anakula, hahemi kwa shida, hana mafua, ila nyama ya kidari inayeyuka mpaka mfupa unachongoka. Undu unapauka na kunywea. Wengine wanachechemea mguu mmoja, kwa sababu bakteria wameingia kwenye mfupa au kiungo. Huwapata zaidi waliovuka mwaka, si kwa kuwa vifaranga ni wagumu, bali ugonjwa wenyewe unatembea polepole na kuku wengi hawaishi vya kutosha kuuona.

Tumechoma ndevu za kuku 20 waliovuka mwaka: tuberkulini ya ndege upande mmoja, upande wa pili tumeuacha uwe wa kulinganishia.

Siku ya 7

Kwa kuku hatusubiri saa 72, tunasoma baada ya saa 48. Ndevu sita zimevimba zikawa kama vifuko vya maji vinavyoning'inia, nzito upande mmoja. Hapakuwa na haja ya kalipa.

Yule aliyekonda kuliko wote hakuvimba kabisa. Mwenzangu wa maabara alicheka, mimi nikakumbuka namba 7. Mnyama aliyezidiwa na maambukizi anaweza kuacha kuijibu tuberkulini. Mwili umekwisha nguvu ya kupandisha uvimbe. Nimerudi kwenye daftari na kuweka alama ya kuuliza mbele ya neno "hasi" la namba 7, kwa kalamu nyekundu.

Siku ya 8

Tumemchinja kuku yule mkondefu na kumpasua. Barakoa ya kuchuja, glavu mbili, mzoga umeloweshwa kwanza ili manyoya yasipeperushe vumbi.

Ini lilikuwa limejaa vinundu vya rangi ya kijivu kuelekea njano, vingine kama mbegu ya ufuta, vingine kama maharage. Nikibonyeza ukingo kwa ncha ya kisu, kinundu kinachomoka kizima na kuacha shimo safi. Bandama limekuwa kubwa na lina mabonde. Nje ya utumbo kumeota vinundu kama fundo kwenye uzi. Mapafu safi. Hilo huwashangaza wanaozoea neno "kifua" katika jina la ugonjwa: kwa kuku njia kuu ni mdomo na utumbo. Vinundu vya utumbo hupasukia ndani, bakteria wakatoka na kinyesi kwa wingi, na hapo boriti na hori vinaelezeka.

Jambo moja la kisu. Ukikata tezi ya ng'ombe mwenye Mycobacterium bovis, bakteria wa kifua kikuu cha ng'ombe, mara nyingi kisu kinakwaruza kana kwamba umekata mchanga, kwa kuwa usaha mkavu umeingiwa na chokaa. Kinundu cha kuku hukatika kimya, kama jibini. Si ushahidi wa kupeleka popote, lakini mkono husikia kabla ya maabara.

Siku ya 9

Rangi ya Ziehl-Neelsen, ya kuwafichua bakteria wa kifua kikuu na ndugu zao. Fuksini nyekundu juu ya slaidi, moto chini mpaka mvuke upande bila kuchemka, kisha asidi na alkoholi kuondoa rangi, mwisho buluu. Bakteria wa kawaida hupoteza wekundu mara tu asidi inapowagusa. Hawa wana ukuta wa nta, asidi za mikoliki, na wekundu ukishaingia hautoki. Kwenye hadubini nilidhani nimekosea kuosha slaidi: vijiti vyekundu vimelundikana kiasi cha kuficha buluu. Kwenye tezi ya ng'ombe naweza kutafuta nusu saa nipate viwili.

Slaidi inasema "mikobakteria", jina la ukoo wao wote, na kunyamaza. Haisemi wa nani.

Mamlaka ya mifugo tumeiarifu leo. Maziwa yote yanachemshwa hadi tuelewe, kwa sababu namba 11 bado ana shaka. Koch huyo huyo alisema London mwaka 1901 kwamba kifua kikuu cha ng'ombe si tishio kubwa kwa binadamu. Waingereza wakaunda tume, ikachunguza miaka kumi, na mwaka 1911 ikamkatalia: maziwa yalikuwa yakiwaambukiza watu, hasa watoto. Nyuzi 63 kwa dakika 30, au 72 kwa sekunde 15, zinamuua bovis. Nimemwambia mama achemshe tu mpaka yafoke. Hana haja ya kipimajoto.

Siku ya 16

Namba 7 ameanza kuhara. Mfululizo, maji matupu, bila damu, bila homa, na bado anakula. Chini ya taya pamevimba kimfuko laini. Ukikibonyeza, alama ya kidole inabaki. Protini zinavuja kupitia utumbo na maji yanatafuta pa kukaa. Mwenye mifugo anasema aliwahi kuhara hivi mwaka jana baada ya kuzaa, akapewa dawa za minyoo, "akapona".

Siku ya 19

Namba 7 amechinjwa. Sehemu ya mwisho ya utumbo mwembamba nilipoifungua haikulala. Utumbo wenye afya ukiupasua kwa urefu na kuuvuta, hunyooka kama kitambaa. Huu ulibaki na mikunjo minene, iliyopindana kama ubongo, na nilipouvuta kwa mikono miwili mikunjo ikarudi. Ukuta wake umenenepa maradufu. Tezi za utumboni zimevimba na zina majimaji. Tezi za koo na za kifua nimezikata vipande vyembamba kimoja kimoja: hakuna njano, hakuna mkwaruzo.

Huu ni Johne. Heinrich Johne na Langdon Frothingham waliueleza Dresden mwaka 1895, na walipoona vijiti vyekundu ndani ya utumbo wakadhani ni kifua kikuu cha ndege kilichoingia kwa ng'ombe. Walikosea kwa karibu sana, na sisi tumekosea vivyo hivyo kwa wiki mbili, tena tukiwa na kuku wa kutunga nao hadithi.

Sasa mradi umeharibika, au umeanza. Watatu wenye uvimbe wa juu wanaweza kuwa wamepata kwa kuku. Wanaweza kuwa wamepata kwa namba 7. Wanaweza kuwa wamepata kwa wote wawili. Ripoti niliyokuwa nimeanza kuandika, yenye boriti na hori ndani yake, nimeifuta.

Wiki ya 5

Majibu ya PCR, kipimo kinachotafuta vipande maalumu vya DNA ya bakteria. Kinundu cha kuku: IS901 ipo, nayo ni alama ya Mycobacterium avium wa aina ya ndege. Utumbo wa namba 7: IS900 ipo, IS901 haipo, kwa hiyo ni paratuberculosis. IS6110, ambayo ingetupeleka upande wa kifua kikuu chenyewe, haikuonekana kwenye sampuli yoyote. Magonjwa mawili katika zizi moja, ukoo mmoja, na hakuna aliyempa mwenzake.

Kinyesi cha wale watatu kimepelekwa. Namba 16 ana IS900 kidogo. Namba 3 na 8 hawana, ingawa mnyama wa Johne hutoa bakteria leo na kesho asitoe, na huenda miaka kadhaa isipite kitu.

Wiki ya 6

Kikao na mwenye mifugo na mama yake, kirefu. Aliuliza kwa nini tusiwatibu. Dawa zipo, isoniazid na nyingine, lakini ni miezi mingi, mnyama anaendelea kumwaga bakteria akiwa anaonekana mzima, na kila dozi iliyorukwa inafundisha bakteria usugu. Dawa hizo hizo ndizo zinazomtegemeza binadamu mgonjwa. Na avium hujali dawa hizo kidogo sana.

Akauliza kuhusu chanjo. Hapo nilifurahi, kwa sababu BCG, chanjo ya kifua kikuu ya binadamu, imetoka kwa ng'ombe. Calmette na Guérin walichukua Mycobacterium bovis, wakamhamisha kutoka kipande kimoja cha kiazi chenye nyongo na gliserini hadi kingine, mara 230 ndani ya miaka 13, mpaka akasahau kuua. Ukimchanja ng'ombe BCG, hata hivyo, ngozi yake itavimba kwa tuberkulini ya kawaida na hutajua tena nani mgonjwa. Kuna vipimo vipya vinavyotumia protini ambazo BCG ilizipoteza njiani, ESAT-6 na CFP-10, na vinaweza kuwatenganisha. Kwa zizi hili jawabu ni hapana.

Kuku ndilo lililouma. Kuondoa sita waliovimba na kubaki na wengine hakusaidii. Ardhi yenyewe imeshika ugonjwa na huweza kuushika kwa miaka. Mama alinyamaza, kisha akasema, "Yule mwekundu ametaga leo." Sikujibu. Wote wameondolewa, banda limevunjwa, tabaka la juu la udongo limekwanguliwa na mahali pameachwa wazi kwa jua. Wapya watafugwa kwingine, na hawatazidi mwaka na nusu. Klorini tumeiacha kwa sababu ikikuta kinyesi hufa yenyewe kabla ya kuua kitu, na ukuta ule wa nta unaivumilia. Tumesugua kwanza, kisha tumetumia dawa ya jamii ya fenoli. Boriti imezibwa kwa wavu.

Wiki ya 10

Namba 11 na namba 14 wamechomwa tena. Nilipapasa kinundu cha 14 hadi mwenye mifugo akaniuliza kama natafuta pesa. Kusoma: 14 hakuvimba popote. Namba 11 safari hii juu 4, chini 3. Shaka imeondoka upande wa ng'ombe na kuhamia pale walipo wenzake. Karantini ya kifua kikuu inaweza kufunguliwa baada ya mamlaka kuridhika, na wale wanne waliokuwa wachinjwe bado wanatafuna.

Kuotesha

Nimechelewa kuandika sehemu hii kwa sababu hakukuwa na cha kuandika. Mirija ya kuoteshea bakteria wa kuku iliwekwa kwenye inkubeta nyuzi 37 na mingine 42, maana avium amezoea joto la mwili wa ndege. Wiki ya 4 vikatokea vidoa laini vya rangi ya malai katika joto zote mbili.

Ya namba 7 ni habari nyingine. Wa paratuberculosis hawezi kujitengenezea mikobaktini, kitu anachohitaji ili kunyakua chuma. Watafiti Twort na Ingram waliligundua hilo mwaka 1912 walipomchanganyia lishe na mabaki ya mikobakteria wengine waliokufa. Hapo ndipo akakubali kuota, kwa kuomba kwa jirani. Kwa hiyo unaandaa mirija miwili, mmoja wenye mikobaktini na mmoja usio nayo, unaweka, unasubiri. Wiki ya 6, hakuna. Wiki ya 8, mrija mmoja umevamiwa na kuvu, nimeutupa na kubaki na akiba. Wiki ya 12, hakuna. Mwenzangu ameacha kuniuliza.

Wiki ya 15

Asubuhi, mrija wenye mikobaktini, nikiuinamisha dirishani: vidoa vitano vidogo kuliko nukta ya kalamu, vyeupe, vimeinuka. Mrija usio nayo hauna kitu. Nimeupeleka wa pili dirishani mara mbili kuhakikisha.

Tukapiga simu. Mwenye mifugo akaniuliza swali ambalo nilikuwa nalikwepa: ndama wa namba 7, aliyezaliwa kabla hatujaja, alinyonya dang'a ya mama yake na kulala kwenye zizi la kinyesi kile. Ndama wa chini ya miezi sita ndio hushikwa kirahisi kuliko wote. Damu yake tukiipima leo itasema hasi, na hasi hiyo itakuwa bure, kwa kuwa mwili hauanzi kujibu hadi ugonjwa umekwenda mbali. Ametengwa na ndama wengine. Dang'a sasa inatoka kwa ng'ombe waliopimwa kinyesi, zizi la kuzalia limehamishwa na linafagiliwa kila siku. Nimempa namba 20 na kuacha mstari wake wa kwanza wazi hadi atakapotimiza miaka miwili.